Kwa Nini Kofia ya Pamba Hulegea: Nyuzinyuzi, Msokoto na Kazi ya Sindano

Ifikapo Juni, usiku wa Tabora hupoa kiasi cha kuwafanya watu watafute mashuka mazito, kwa sababu mji umekaa kwenye uwanda ulioinuka takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mawingu ya masika huwa yamekwisha kuondoka. Huo ndio wakati ambapo kinamama wa mitaa ya Isevya na Ng'ambo huonekana barazani na sindano mbili mikononi, wakifuma kofia na soksi za watoto wachanga. Katika msimu kama huo nilimfumia mtoto wa mdogo wangu kofia ya pamba ambayo uzi wake niliusokota kwa mkono, kutokana na pamba iliyolimwa Igunga. Nilihesabu vitanzi vile vile vya kofia ya dukani niliyoiiga, nikatumia sindano za unene ule ule, na uzi nao ulikuwa na unene uleule. Baada ya wiki tatu za kuvaliwa, kufuliwa na kuanikwa kwenye kamba ikiwa imelowa, kofia ilikuwa imepanuka hadi ikamfunika mtoto macho. Niliipeleka kwa shangazi yangu, ambaye amefuma sweta za shule kwa miaka mingi. Aliivuta kwa vidole viwili, akaiachia, akasema, "Mwanangu, uzi wako haurudi."

Kauli hiyo fupi imebeba jambo ambalo watu wengi wanaoanza kusokota uzi wao wenyewe hulikuta wakiwa wamechelewa. Nalo neno "kurudi" linahitaji kufafanuliwa kabla ya yote, kwa sababu tunalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana. Twasema nguo imerudi tukimaanisha kwamba imefupika baada ya kufuliwa, na twasema uzi unarudi tukimaanisha kwamba ukivutwa na kuachiwa hujikusanya tena mahali pake kama lastiki. Uzi waweza kuwa na sifa moja bila nyingine. Pamba, kwa mfano, hurudi kwa maana ya kwanza na hairudi kwa maana ya pili, na hilo ndilo lililoiharibu kofia yangu.

Ili kuelewa sababu, yafaa kutenganisha mambo matatu ambayo neno letu moja, "uzi", huyafunika. Kuna nyuzinyuzi zenyewe, yaani vile vijinywele vyembamba vitokavyo kwenye mmea, mnyama au kiwandani. Kuna msokoto, yaani namna nyuzinyuzi hizo zilivyozungushwa hadi zikashikana na kuwa kitu kirefu kisichokatika. Kisha kuna mfumo wa vitanzi, ambao ni kazi ya sindano. Kiswahili chenyewe kinazitenga kazi mbili za mwisho vizuri, maana kila moja ina kitenzi chake na kitenzi cha kuitengua: tunasokota na kusokotoa, tunafuma na kufumua. Kosa la hatua moja haliwezi kusahihishwa kwenye hatua isiyo yake, na fundi anayelaumu sindano wakati tatizo liko kwenye nyuzinyuzi atafuma na kufumua mwaka mzima bila nafuu.

Yapo pia maneno mawili yanayowachanganya hata wazungumzaji wazuri, nayo ni sufi na sufu. Sufi ni ile pamba laini ya mti wa msufi, tunayojazia mito na magodoro. Sufu ni manyoya ya kondoo. Nimewahi kuulizwa na watu wazima kama sufi ya mto wa zamani yaweza kusokotwa na kuwa sweta, na jibu ni kwamba haifai. Unyuzi wa sufi ni mfano wa mrija mtupu uliojaa hewa, una utelezi wa nta juu yake, na huvunjika upesi, kwa hiyo ukiusokota peke yake nyuzinyuzi huteleza na kuachana. Utelezi huo na hewa hiyo ndivyo vilivyoufanya ufae kujazwa kwenye majaketi ya kujiokolea majini hapo zamani, lakini kwa kazi ya uzi ni kasoro.

Pamba ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Wakulima wa Igunga na Nzega huuza pamba mbegu, yaani pamba ikiwa bado imeshikamana na mbegu zake, ikiwa imetengwa kuwa pamba safi na pamba fifi, yaani ile ya daraja la pili. Kinu cha kuchambua huitenganisha, na katika kila kilo tatu za pamba mbegu hupatikana takriban kilo moja ya pamba nyuzi. Anayetaka kusokota kidogo kwa matumizi ya nyumbani aweza kuchambua kwa mkono, kwa kuviringisha fimbo nyembamba ya chuma juu ya pamba iliyowekwa kwenye jiwe bapa, ili mbegu isukumwe nje bila kupasuka. Kazi hiyo ni ya polepole kweli kweli, kwa kuwa mbegu za pamba ya aina yetu zina manyoya mafupi yanayong'ang'ania. Napenda kwamba kitenzi tunachokitumia hapa, kuchambua, ndicho tunachokitumia pia kwa kulichunguza jambo gumu hadi tukalielewa.

Ukiuchomoa unyuzi mmoja wa pamba na kuupima, utaukuta una urefu wa kama milimita 28 hivi. Unyuzi huo ni seli moja tu iliyoota juu ya ganda la mbegu. Ukiwa hai ni mrija wenye maji ndani; tumba la pamba likipasuka na jua kulikausha, mrija hubonyea na kuwa utepe bapa wenye mizunguko midogo midogo. Mizunguko hiyo ndiyo inayoziwezesha nyuzinyuzi kukamatana, jambo ambalo sufi haina. Pamba imeumbwa kwa selulosi, ambayo ndiyo pia sehemu kubwa ya karatasi, nayo haina tabia ya chemchemi: ukiuvuta unyuzi wa pamba, kwa kawaida hukatika kabla haujarefuka kwa sehemu moja ya kumi. Kwa upande mwingine pamba hunywa maji vizuri, huwa na nguvu zaidi ikilowa kuliko ikiwa kavu, na huvumilia maji ya moto na pasi kali. Ni nyuzinyuzi bora sana kwa kazi inayofaa, na kofia ya kubana kichwa si mojawapo ya kazi hizo, isipokuwa mfumaji awe ameifanyia mpango maalumu.

Urefu huo wa milimita 28 una matokeo makubwa kwenye msokoto. Nyuzinyuzi ndani ya uzi hazijagundishwa kwa kitu chochote. Zimeshikwa na msuguano tu, na msokoto ndio unaozibana hadi msuguano ukatosha. Unyuzi mrefu hupata mahali pengi pa kushikwa na wenzake, kwa hiyo msokoto mdogo unatosha. Unyuzi mfupi unahitaji mizunguko mingi katika kila sentimita, la sivyo uzi utakatika kwa kuchomoka, yaani nyuzinyuzi zitaachana zikiwa nzima. Ndiyo maana uzi wa sufu, ambayo nyuzinyuzi zake aghalabu hupita sentimita saba, waweza kuachwa ukiwa mwepesi na wenye hewa, ilhali uzi wa pamba uliosokotwa hivyo hivyo utakufia mikononi. Ukizidisha msokoto, uzi hujikunja wenyewe na kufanya vifundo, kisha kitambaa kikawa kigumu kama turubai. Kati ya hali hizo mbili pana nafasi nyembamba, na hakuna njia ya kuijua isipokuwa kwa vidole na kwa majaribio mengi.

Chombo nacho hufuata urefu wa unyuzi. Kijiti cha kusokotea chenye uzito mkubwa, kile kinachoachwa kining'inie hewani kikizunguka, chafaa kwa sufu lakini huikata pamba kwa uzito wake kabla msokoto haujaingia. Pamba hutaka kijiti chepesi kinachozunguka kikiwa kimesimama ndani ya kifuu au kibakuli, ili uzi usibebe mzigo wowote. Ujuzi huu si mgeni katika nchi hii. Kwenye magofu ya Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua visahani vingi vya vigae vya vyungu vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilikuwa uzito wa kuzungushia vijiti vya kusokotea pamba. Na hapa Tabora, iliyoitwa Kazeh wakati huo, wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Novemba 1857 ufumaji wa nguo za pamba ulikuwa kazi inayojulikana Unyamwezi, na Burton aliacha maelezo ya kitanda cha mfumi, yaani fremu ya kufumia nguo, alichokiona. Misafara ya biashara iliyopita hapa ndiyo iliyoleta kwa wingi nguo ya merikani kutoka viwanda vya Marekani na kaniki kutoka India, na nguo hizo za bei nafuu zikamfanya mfumi wa kijijini asiwe na mnunuzi.

Hadi hapa nimesema juu ya wingi wa msokoto. Lililobaki ni upande unakoelekea, na hili ndilo ambalo wasokotaji wapya hulipuuza zaidi. Uzi mmoja ulioviringishwa upande wa kulia una hamu ya daima ya kujisokotoa kwenda kushoto. Ukiufuma ukiwa peke yake, hamu hiyo haifi; huingia ndani ya vitanzi na kukifanya kitambaa kizima kiende mshazari. Ushahidi upo kwenye kabati la kila mtu, yaani ile fulana ambayo ilinunuliwa ikiwa imenyooka, na baada ya kufuliwa mara chache mshono wa ubavuni ukahamia mbele ya tumbo. Mara nyingi fulana hiyo haikushonwa vibaya. Nyuzi zake ni za msokoto mmoja, na maji yameupa msokoto huo nafasi ya kufanya ulichotaka kufanya tangu mwanzo.

Tiba yake anaijua kila msusi. Anayesokota nywele kwa mtindo wa nyuzi mbili hukizungusha kila kichane upande mmoja, kisha hukizungushia mwenzake upande wa pili, na ndiyo maana nywele hazifumuki akiziachia. Msokota kamba ya mkonge anayeviringishia pajani hufanya vivyo hivyo. Katika uzi, husokotwa nyuzi mbili upande wa kulia, halafu huunganishwa pamoja kwa kuzungushwa kushoto, kwa nguvu pungufu kidogo kuliko ile ya kwanza. Hamu ya nyuzi moja moja na hamu ya muungano huo hupingana na kutulia. Ili kupima kama zimetulia, chukua urefu wa mkono mmoja wa uzi uliounganishwa, ukunje katikati na uuache uning'inie; ukikaa kimya kama herufi U, umekamilika, na ukijizungusha, upande unaojizungushia hukuonyesha msokoto upi umezidi. Kwa maoni yangu mtu asifume hata kitanzi kimoja kabla ya kipimo hiki, kwa kuwa kasoro ya msokoto huonekana kwenye uzi kwa dakika moja lakini kwenye sweta huonekana baada ya mwezi mzima wa kazi.

Sasa turudi kwenye ule uzi unaorudi. Sufu imeumbwa kwa keratini, protini iliyo pia katika nywele na kucha zetu, na keratini imejipinda ndani yake kama chemchemi ndogo. Juu ya hayo, unyuzi wa sufu una mawimbi tangu mgongoni mwa kondoo. Ukivutwa ukiwa mkavu waweza kurefuka kwa karibu theluthi moja kabla ya kukatika, na ukiachiwa mapema hujikusanya. Kofia ya sufu hubana kichwa bila kukiumiza, na huendelea kubana. Kwa bahati mbaya kondoo tunaowaona wakichungwa Uyui au Sikonge hawatoi sufu, maana kondoo wetu wa asili wana nywele fupi zilizonyooka zisizofaa kusokotwa. Kondoo wa sufu hufugwa kwenye nchi za baridi, na kwa majirani zetu wapo katika nyanda za juu za Kenya.

Njia ambayo sufu hutufikia ni mitumba. Sweta nzito ya Ulaya yenye tundu kwenye kiwiko, inayouzwa kwa bei ndogo kwa sababu hakuna anayeitaka, yaweza kufumuliwa na kutoa uzi wa kofia kadhaa. Lakini kwanza ni lazima kujua kama ni sufu kweli, kwani lebo nyingi zimekatwa au zimefutika. Chomoa uzi wa urefu wa kidole, ushike kwa kibanio cha chuma mbali na nguo, juu ya sahani ya bati, na uuwashe. Pamba huwaka kwa mwali wa haraka, hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Sufu huwaka kwa kusitasita, hunuka kama nywele zilizoungua, na moto huelekea kujizimia wenyewe ukiuondoa, ukiacha punje nyeusi inayosagika vidoleni. Akriliki huwaka huku ikiyeyuka, hutoa harufu kali ya kemikali, na huacha shanga ngumu isiyosagika. Nasisitiza sahani ya bati kwa sababu matone ya akriliki iliyoyeyuka hushika ngozi na kuichoma.

Akriliki ndiyo ule "uzi wa sweta" unaouzwa madukani katika madonge ya rangi zote. Hutengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli, na kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuitoa kibiashara mwaka 1950. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba kurudi kwake si kwa asili. Kiwandani huchanganywa nyuzinyuzi za aina mbili, zile zinazofupika zikipata joto na zile ambazo zimekwisha kufupishwa. Uzi ukipitishwa kwenye mvuke, za kwanza hujivuta na kuzilazimisha za pili zijikunje na kuvimba. Huo uvimbe ndio ulaini na mvuto tunaoupenda. Kwa kuwa ulipatikana kwa joto, joto pia huuondoa: sweta ya akriliki ikipigwa pasi ya mkaa mara moja tu hulala, hung'aa na kulegea, wala hakuna dawa ya kuirudisha. Mimi siidharau akriliki. Ni nafuu, hufuliwa kirahisi, haishambuliwi na nondo, na imewavika watoto wengi wa shule. Ninachokataa ni kumvisha mtoto anayetambaa karibu na jiko la mkaa nguo inayoyeyuka ikishika moto.

Mkonge nitautaja kwa ufupi kwa sababu huulizwa kila mara. Uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, nao ni nyuzinyuzi za jani, zenye urefu unaokaribia mita moja, nene na ngumu. Husokotwa vizuri sana na kuwa kamba, mifuko na mikeka ya mlangoni, lakini haupindiki kwa urahisi kuwa vitanzi vidogo vya sindano na hukwaruza ngozi.

Tofauti ya asili ya nyuzinyuzi hizi hutawala pia namna ya kuziosha. Uzi wa pamba uliosokotwa kwa mkono hupaswa kuchemshwa kwenye maji yenye magadi kidogo kabla ya kufumwa. Magadi huondoa nta ya asili ili pamba ianze kunywa maji, nayo maji ya moto hutuliza msokoto na kuufanya uzi ufupike sasa hivi badala ya kufupika ukiwa tayari umekuwa nguo. Hapo ndipo kile "kurudi" cha maana ya kwanza kinapomalizwa mapema. Ukifanya hivyo hivyo kwa sufu utaiangamiza, kwa kuwa magadi hula protini, na joto likiandamana na kusuguliwa huyafanya magamba madogo yaliyo juu ya kila unyuzi yakamatane hadi sweta ya mtu mzima ikamtosha mtoto, ikiwa nene na ngumu. Sufu hutaka maji vuguvugu, sabuni laini, kukandamizwa bila kukamuliwa kwa kuzungushwa, na kuanikwa ikiwa imelazwa juu ya taulo.

Mtu anayesokota huku akifuma kazi zake za kila siku hunufaika akianza na kazi ambazo pamba inazimudu bila msaada: kitambaa cha kuoshea vyombo, vitambaa vya makochi, mfuko wa sokoni wenye vitanzi vilivyobanana. Kitambaa cha kochi hakivutwi na mtu, hufuliwa na kupigwa pasi, na weupe wa pamba humpendezea kila mwenye sebule. Hesabu ya uzi pia ni rahisi kuimudu. Kofia ndogo huhitaji kama mita 100 za uzi wa unene wa kiasi, ambao ukiwa na mita mbili kwa kila gramu utakuwa na uzito wa gramu 50. Kwa kuwa uzi huo ni muungano wa nyuzi mbili, inampasa msokotaji asokote zaidi ya mita 200 za uzi mmoja mmoja, na aongeze kama mita 20 kwa sababu uzi hufupika unapounganishwa. Ajiwekee pia kipande kidogo cha uzi wa siku ya kwanza, akikifungia kwenye kadi, na akitazame kila jioni kabla ya kuanza, kwani mkono husahau unene wake kutoka siku hadi siku.

Ile kofia niliifumua yote, nikauchemsha uzi wake kwa magadi na kuukausha ukiwa umening'inizwa bila uzito. Shangazi alinielekeza nisiubadilishe uzi ila nibadilishe mfumo. Nilichukua sindano nyembamba zaidi kwa namba mbili, nikafuma kofia nzima kwa ule mpangilio wa ukingo wa sweta, vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma, ambao hujikunja kama mbavu na hivyo kukipa kitambaa mvuto ambao unyuzi wenyewe hauna. Kichwa cha mtoto mchanga huwa na mzunguko wa kama sentimita 35. Kofia ya sufu ningeifanya ya 30, na hii ya pamba niliifanya ya 27. Tangu hapo inaanikwa ikiwa imelazwa, na mtoto ameivaa Julai nzima bila kufunikwa macho.